Bwana Wouter na Kihamba cha Baba

Seven Hills, Sydney
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Anaeli,

Shimboni kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na shemeji bado anakuvumilia. Mama umemwona lini? Nikimpigia simu ananiambia hajambo, lakini Mama angesema hajambo hata akiwa anabebwa na mafuriko, kwa hiyo nakuuliza wewe uliye karibu: anakula? Anapanda kilima kwenda kanisani mwenyewe, au anashikwa mkono? Na kahawa imeanza kuiva, au mvua zimewachezea tena?

Sisi wa huku tunaendelea. Baridi imeingia, na nyumba za hapa zimejengwa kana kwamba baridi ni uvumi tu. Nje jua linawaka, ndani nimevaa koti na kofia ya sufu, nafanana na mlinzi wa usiku. Mama Neema hajambo, hospitali inamchosha ila inampenda. Neema amerefuka kunipita. Aliponikuta mezani na kalamu na karatasi aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama ninaandika wosia. Nikamwambia, karibu na hapo.

Usishtuke, sijaugua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa na kifungua mimba hunywea, nakuwa yule mtoto uliyekuwa ukimtuma maji mtaroni. Na kwenye lile kundi letu la simu, mtu akiandika jambo la maana anajibiwa kwa mikono ya sala na picha ya maua. Barua huwezi kuikatiza. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Jambo lenyewe unalijua. Mara ya mwisho uliniambia, "Elisante, nyumba haikai bila mwenyewe. Baba tumeshamzika, arobaini imepita, na wewe ndiye wa mwisho. Rudi ukae, au tamka kihamba cha Baba, nyumba na migomba yake, kiende kwa mwanangu Godi. Desemba kikao kinakaa." Halafu ukakata, nami nikabaki nasema "ndiyo kaka" kwa simu iliyokufa. Barua hii ndiyo jibu langu. Ila nitapita njia ndefu kidogo, maana jibu limenijia kupitia kwa Mholanzi mmoja aliyekufa zamani mno, enzi za mapanga na ngome. Kaa vizuri. Mwambie shemeji alete chai.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba nimerudi shule? Ulicheka hadi ukakohoa. Una haki. Mama Neema ndiye aliyeitwa Australia, ni muuguzi, wanamhitaji. Mimi nilikuja kama begi la mkononi. Siku tatu za wiki napanga mabomba ghalani hapa karibu na stesheni, na siku nyingine napanda treni, halafu tramu, hadi chuoni Kensington, ninakokaa darasani na watoto ambao ningeweza kuwa nimewafundisha Kidato cha Pili na kuwachapa. Ghalani tuko na Mkenya mmoja, Otieno, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Ananiita Prof. "Prof, si heri ungesoma hata kompyuta! Huyo mzae wa Holland atakupea kazi kweli?" Namwambia hapana, lakini angalau yeye hanipigii kelele nikipanga bomba la inchi mbili kwenye rafu ya inchi tatu.

Mwalimu wangu chuoni ni mama mmoja anaitwa Helen. Mwanzoni alitaka niandike juu ya kwetu. "Unatoka Kilimanjaro," akasema, "una utajiri mkubwa wa kuandika." Nikamjibu kwa adabu kwamba Wazungu wamekuja kuandika habari za vihamba vyetu tangu babu akiwa kijana, wala hakuna aliyewauliza kwa nini hawakai kwao wakaandika vya kwao. Mimi nataka niende kwao nikawaulize maswali yale yale: shamba hili ni la nani, alikupa nani, na ukifa anachukua nani. Akacheka, akasema, "Basi nenda."

Ndivyo nilivyompata Bwana Wouter. Ni kabaila, kaka. Najua. Mimi na wewe tuliimba mstarini asubuhi kwamba ukabaila ni unyama, na leo nasafiri kwa treni na tramu kwenda kumsoma mmoja. Kiholanzi chake nakisoma kwa kamusi na kwa rehema za Mungu, na pale rehema zinapoisha nasoma tafsiri za Kiingereza.

Wala hakuwa kabaila mkubwa wa kutisha. Alikuwa na mnara wa matofali uliozungukwa na handaki la maji, ukubwa wake ukiulinganisha na nyumba yako mpya ya barabarani, yako inashinda. Alikuwa na kinu cha upepo, fungu la kumi la kijiji kimoja, sehemu ya mto ambapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvua, na haki ya kufuga bata-maji, wale ndege weupe wa shingo ndefu. Usicheke. Kwao bata-maji ilikuwa heshima, kama kwetu mtu kuwa na ng'ombe wa maziwa asiyemuuza. Bondeni alikuwa na ardhi ya kinamasi, na maisha yake yote aliyamaliza akichimba mitaro ya kuitoa maji. Nilipofika hapo nilimpenda. Sisi huchimba mfongo kuleta maji shambani, yeye alichimba kuyafukuza, lakini ugomvi ni ule ule: nani kaziba, nani hakuja siku ya kusafisha, nani amegeuza maji kuelekea kwake wakati wenzake wamelala.

Na ardhi yenyewe haikuwa yake moja kwa moja. Alipewa na mtawala wa jimbo. Kila mtawala alipokufa, Wouter alikwenda kupiga magoti mbele ya mpya, akatia mikono yake katikati ya mikono ya yule bwana, ndipo arudishiwe mnara wake na bata-maji wake. Mtu mzima, na upanga kiunoni, anapiga magoti kwa ajili ya kinamasi.

Sasa sikiliza aibu niliyoipata. Wouter alikuwa na wana wawili na binti mmoja, Aleid. Mwana mkubwa alipewa mashamba ya ng'ambo ya mto. Mdogo alikaa na baba yake mnarani. Nikaandika sura nzima, kaka, sura nzuri kabisa, nikieleza jinsi mwana wa mwisho alivyokuwa mrithi wa nyumba ya baba. Siku ya kuisoma mbele ya wenzangu nilivaa tai. Nilipomaliza, Helen akavua miwani.

"Elisante, umejuaje kwamba mdogo ndiye mrithi wa mnara?"

"Kwa sababu ndiye wa mwisho," nikasema.

"Ndiyo. Na?"

"Na nini?"

"Wapi pameandikwa kwamba wa mwisho ndiye anayerithi nyumba?"

Nikawatazama wote. Nilidhani wananitania. "Haina haja ya kuandikwa," nikasema. "Nyumba ya baba anachukua wa mwisho. Kwani mngempa nani?"

Kijana mmoja akacheka, akaziba mdomo, wengine wakamfuata. Helen hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba katika nchi ile mkubwa ndiye angechukua karibu kila kitu, na yule mdogo alikaa nyumbani kwa sababu alikuwa na kifua kibovu. Sura yangu yote niliijenga juu ya mila ya kwetu Marangu. Nilimpeleka Mchaga wa watu kwenye kinamasi cha Uholanzi, nikamkabidhi ufunguo.

Nilirudi nyumbani tai imo mfukoni. Mama Neema aliponiona alisema tu, "Wameila sura yako?" Nikasema wameila yote. Akanipakulia.

Lakini ndani ya treni siku ile jambo lilinikaa kooni, na bado lipo. Maisha yangu yote nilidhani kwamba wa mwisho kurithi nyumba ni jambo kama mvua kunyesha kutoka juu. Hakuna aliyenifundisha, nilizaliwa nimelikuta. Kumbe ni mazoea ya watu, na watu wenyewe ni sisi. Waliyaweka watu waliokuwa na sababu yao: wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi wanapozeeka, basi nyumba na iwe yake. Ni sababu nzuri, kaka. Mimi siipingi. Nakuuliza tu: kwa Baba na Mama, aliyebaki ni nani?

Najua sasa hivi umeshaiweka barua chini, umeshapandisha sauti na shemeji anauliza kuna nini. Ichukue tena. Bado sijamaliza habari za Wouter.

Wana wake wote wawili walikufa kabla yake. Mkubwa aliuawa vitani, mdogo alikwenda na kifua chake. Akabaki Aleid. Hapo ndipo mambo yalipomwia magumu, kwa sababu kulikuwa na ardhi za namna mbili kwao. Moja binti aliweza kuirithi, nyingine ilikuwa ya wanaume peke yao. Mwanamume akiisha, inarudi kwa mtawala, na binti anafungasha. Unajua Waholanzi wenyewe waliiitaje ile ya pili? Ardhi mbaya. Wao wenyewe, makabaila, wanaume na ndevu zao. Mnara wa Wouter ulikuwa juu ya ardhi mbaya.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa mzee, na binamu zake wa kiume walikuwepo, tayari wameshaanza kuulizia bei ya kinu. Badala yake alipanda farasi, akaenda kwa mtawala, akapiga magoti kwa mara ya mwisho, akairudisha ardhi yote aliyokuwa nayo. Aliirudisha kwa namna ya kwao. Mtu alishika bua mkononi, unyasi tu wa shambani, akalikabidhi mbele ya watu na kutamka kwa kinywa chake kwamba ameachia. Mkono, bua na kinywa, basi, imetoka kwako. Kwa kitambo kile Wouter hakuwa na kitu duniani, hata bata-maji. Kisha mtawala akamrudishia ardhi ile ile, ila sasa kwa masharti mapya, kwamba Aleid ataichukua. Aleid aliichukua. Akaendelea kuchimba mitaro.

Nilipofika kwenye lile bua, kaka, niliacha kusoma. Nililiona jani la sale. Niliona mpaka wetu na wa kina Mzee Kimaro, masale yamesimama pale kijani tangu hatujazaliwa, hakuna aliyewahi kuthubutu kuyang'oa. Watu waliokuwa hawajuani, wametengwa na bahari na karne, wote waliona kwamba ardhi haipiti kwa maneno matupu. Lazima jani liwe mkononi.

Basi jibu langu ni hili. Kihamba cha Baba, sehemu yangu ya mwana wa mwisho, nyumba, migomba, kahawa na zizi, nakiachia. Lakini simwachii Godi. Namwachia Dada Ndeshi.

Nitangulie kukujibu, maana sauti yako ninaisikia mpaka hapa. Utasema Ndeshi aliolewa Tanga. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi na watoto wake, na tangu siku aliyorudi ndiye aliyemgeuza Baba kitandani, akamlisha, akamwogesha, mpaka Baba alipomaliza safari. Mimi nilikuwa hapa napanga mabomba. Wewe wakati ule ulikuwa bado Moshi mjini, na ulikuja kila Jumapili, sikunyimi hilo. Utasema ataolewa tena na ardhi iende ukoo mwingine. Kaka, Ndeshi akipata mchumba kwa umri ule na kwa ulimi ule, mimi nitakuja kucheza kwenye harusi hiyo bila viatu. Utasema Godi ni damu ya ukoo na ana mipango. Godi nampenda, ni kijana mwerevu, lakini alinionyesha mipango yake kwenye simu: vyumba vya kulala wageni wa kupanda mlima pale penye kahawa, na sehemu ya magari pale alipolala Baba, "tutamsogeza tu kidogo, baba mdogo." Nilimwambia babu yake hakupenda kusogezwa alipokuwa hai. Na wewe umeshampa Godi nafasi nzuri barabarani, kwenye ardhi ya kifungua mimba. Hajakosa pa kusimama. Ndeshi ndiye anayelala kila siku bila kujua kama mwakani atakuwa na jiko au atakuwa mgeni wa mpwa wake.

Utasema pia kwamba mila ni mila. Sheria ya nchi ilishampa mwanamke haki yake, na mwenyekiti wa kijiji anaijua. Kilichobaki kumzuia Ndeshi ni mimi na wewe tu, kaka. Hatuko wengi.

Usidhani huku nimepigiwa makofi. Nilipomweleza Mama Neema aliendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Ni rahisi kugawa shamba ambalo hujawahi kupalilia." Nikachukua shuka, nikamsaidia kukunja. Baadaye akaongeza, "Lakini ukinywea safari hii, Elisante, usinisimulie tena habari za huyo Mholanzi wako." Kwa hiyo unaona nilivyobanwa. Mbele yangu kuna wewe, nyuma yangu kuna yeye, na kati yenu naogopa zaidi aliye karibu.

Na kuna kitu kimoja kinaniuma, nikuambie ukweli. Siku zote nilijua nitakapolala. Pembeni ya Baba, chini ya migomba ile ya mtori, sikuhitaji kumwomba mtu. Nikishaachia, hata hapo si pangu. Nitamwomba dada yangu nafasi kama jirani anavyoomba. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyolifikiria jambo lolote, na nimeona kwamba Wouter naye alipolitoa lile bua hakujua kwa hakika kama atarudishiwa. Alilitoa.

Sasa kazi yako. Mimi siwezi kuwepo Desemba, likizo ya ghalani hainifikii. Wewe ndiye kifungua mimba, mkono wangu ni wako. Karatasi za wakili zimeshatoka hapa, zitafika kijijini. Lakini karatasi si kitu kwa watu wa kwetu, unajua. Siku ya kikao, mbele ya wazee na balozi wa nyumba kumi, nenda mpakani, kata jani la sale, limweke Ndeshi mkononi, useme kwa sauti yako, ile ya kanisani, kwamba Elisante ameachia na Ndeshi amepokea. Akitamka mwingine watabishana hadi Pasaka. Ukitamka wewe imekwisha.

Na kwa kuwa najua kifungua mimba hapendi kuamriwa na kitinda mimba, mtazame huyo aliyekuletea barua. Nilimwomba Shangazi Manka aje nayo mwenyewe, na asiondoke mpaka umalize kusoma. Mwambie sasa afungue fundo la kanga yake. Ndiyo. Ni sale, na limefungwa kifundo, kama inavyotakiwa mtu anapomwomba mkubwa wake msamaha. Nakuomba msamaha kwa kukupinga, kaka. Wewe na mimi tunajua kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulikataa sale mbele ya mtu aliyelileta, na sidhani unataka kuwa wa kwanza mbele ya Shangazi, ambaye Babu hakumwachia hata mgomba mmoja. Nimekutega, nakubali. Nilijifunza kwako, ulivyokuwa ukinitega kwenye bao.

Nisalimie shemeji, mwambie chai yake bado naidai. Msalimie Godi, mwambie baba yake mdogo anamtakia wageni wengi barabarani. Mwambie Mama kwamba nakula vizuri, hata kama hakuulizi. Shangazi mpe chakula kabla hajashuka kilima. Wazee wa kanisa, majirani kina Kimaro, na yule fundi aliyeezeka paa la Baba, wote wapate salamu zao.

Ila Dada Ndeshi usimpe salamu zangu. Hizo nitakuja nazo mwenyewe, siku Mungu atakaponijalia. Nitasimama nje ya mlango niliozaliwa ndani yake, nitabisha hodi, nami nitasubiri mwenye nyumba anikaribishe.

Mdogo wako,
Elisante